Waya Ndani ya Mashine ya Mwalimu

Mashine za kahawa si kitu cha kawaida kwetu Ifakara. Sisi ni watu wa chai. Katika miaka yote niliyokaa kwenye kibanda changu cha Kibaoni nikitengeneza pasi, feni, sabufa na birika za umeme, zimepita mikononi mwangu mashine za kahawa tatu tu. Mbili sikumbuki hata rangi yake. Ya tatu ilikuwa nyeusi, na aliyeileta alikuwa mwalimu wangu wa darasa la tano.

Alikuwa amestaafu siku nyingi, lakini kule kijijini Mbingu anakoishi hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mwalimu, basi. Alifika Jumatatu asubuhi na gari la kwanza, mashine kaifunga kwenye khanga kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?" Akaiweka mezani, akaifungua taratibu. "Huyu hapa mgonjwa. Taa inawaka, moto haupo. Naweka maji, naweka kahawa, nabonyeza, taa inakuwa nyekundu. Nakaa nusu saa, maji ni yaleyale ya baridi."

Mwalimu hakuwa mpenzi wa kahawa. Mpenzi wa kahawa alikuwa mumewe, mtu wa Mbinga, kusini kunakolimwa kahawa, aliyeletwa bondeni kwetu na kazi ya ubwana shamba akiwa kijana, asirudi tena kwao. Ndugu zake walimtumia kahawa ya kusaga kila msimu, na binti yao anayefanya kazi Dar es Salaam ndiye aliyemnunulia ile mashine. Mzee alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mwalimu akaendelea kuiwasha kila asubuhi.

"Mimi nakunywa nusu kikombe, tena sukari nyingi," aliniambia. "Ninachotaka ni ile harufu. Isiposikika, naona kama nyumba haijaamka."

Jumamosi ile kulikuwa na misa ya kumkumbuka mzee, na shemeji zake walikuwa wanakuja kutoka Mbinga. Alitaka wakiingia ndani waikute harufu ya kahawa yao. Aliniuliza kama itawezekana kabla ya Jumamosi. Nikamwambia itawezekana. Sikuwa nimefungua hata skrubu moja.

Alipoondoka nilianza nje nikaenda ndani, kama nilivyofundishwa. Nilijaribu plagi kwenye soketi nyingine. Nikafungua plagi, nikapima fyuzi yake ndogo kwa mita: nzima. Nikapima waya wa umeme huku nikiukunja huku na huku, maana mara nyingi hukatika pale unapoingilia kwenye chombo: mzima. Ile taa kuwaka kulikuwa kumeshaniambia hivyo, lakini fundi anayeruka hatua hatimaye huzirudia. Kisha nikaipindua mashine, nikafungua skrubu nne, moja ikiwa na kichwa cha pembetatu kilichonisumbua karibu saa nzima, nikaliona tumbo lake.

Kwa ndani mashine ya kahawa ni kitu rahisi. Kuna bomba lililopinda, na koili imelala ubavuni mwake. Maji yanapita bombani, koili inayachemsha, yanapanda juu na kuidondokea kahawa kwenye chujio. Koili hiyohiyo inapasha kisahani ambacho jagi hukaa juu yake. Pembeni imebanwa themostati, kidude cha mviringo kinachokata umeme joto likizidi na kuurudisha likipungua. Halafu, ndani ya kisoksi cheupe kisichoungua, kuna fyuzi ya joto. Hiyo ndiyo ya mwisho. Themostati ikishindwa kazi, fyuzi inakufa ili nyumba isiungue. Na ikishakufa haifufuki. Inabadilishwa.

Koili ilikuwa nzima. Themostati ilipitisha umeme. Fyuzi ilikuwa imekufa.

Mzee aliyenifundisha kazi hii alikuwa na neno alilolirudia hadi tukamchoka: fyuzi haiungui bure. Alitaka tukishaona kilichoungua tuulize kimeunguzwa na nini. Nami niliuliza, lakini niliuliza kama mtu mwenye haraka. Nilichungulia bombani nikakuta ukoko mweupe wa maji ya kisima umeziba karibu nusu, nikaridhika palepale. Maji yanapita kwa shida, bomba linapata moto kupita kiasi, fyuzi inakufa. Nikachemsha siki na maji ya ndimu, nikalisafisha mpaka likapitisha maji kwa kasi. Themostati sikuigusa tena. Ilipitisha umeme ikiwa baridi, na ndivyo inavyotakiwa. Kama inakata ikiwa ya moto, hilo sikulipima. Lilihitaji muda, na ilikuwa tayari Alhamisi.

Fyuzi ya namna ile haikuwepo Ifakara. Nilizunguka maduka ya vifaa vya umeme, nikapiga simu Morogoro, nikapiga Dar. Dar ilikuwepo, lakini kwa basi isingefika kabla ya Jumamosi. Nilichopaswa kufanya ni kupiga simu ya nne, kwa Mwalimu, nimwambie kifaa hakijapatikana. Badala yake nilikata kipande cha waya wa shaba, nikakiunga pale ilipokuwa fyuzi. Kisha nikakivisha kile kisoksi cheupe, kikakaa vizuri kabisa. Mtu angeifungua, asingejua.

Hilo la kisoksi ndilo linaloniuma kuliko yote. Waya ningeweza kusema ni haraka. Kuuvisha kulikuwa kuficha, na mle kibandani nilikuwa peke yangu. Sijui nilikuwa namficha nani.

Ijumaa mchana Mwalimu alikuja. Niliiwasha mbele yake. Maji yakaanza kukoroma, yakapanda, yakadondoka kwenye jagi yakitoa mvuke. Alipiga makofi mawili, kama alivyokuwa akifanya darasani mtu akipata jibu.

"Ilikuwa na nini?"

"Fyuzi, Mwalimu. Bomba nalo lilikuwa na ukoko, nimelisafisha."

"Na fyuzi?"

"Nimeweka nyingine."

"Nilijua wewe hutashindwa," alisema.

Nilikataa malipo. Nikamsindikiza hadi kwenye gari, nikambebea mashine, nikarudi kibandani nikijiona mtu mwema. Nilijiambia nitaagiza ile fyuzi Dar, ikifika nitakwenda Mbingu mwenyewe na kuibadilisha kimyakimya. Jumatatu nikasema nitaagiza Ijumaa. Mvua zikaanza, watu wakashuka mashambani, kazi zikawa nyingi, na mashine ya Mwalimu ikanitoka kichwani kabisa.

Habari niliipata kwa mama mmoja wa Mbingu anayeuza kitoga, samaki wetu wa mtoni, wa kukaushwa. Alikuwa ameleta redio yake, na tulikuwa tunaongea mambo ya barabara.

"Umesikia ya Mwalimu?" akauliza. "Kidogo aungue na nyumba. Kile kidude chake cha kahawa. Kilishika moto, meza ikaungua, pazia likaungua, jirani akaona moshi. Yeye katoka uani kwenye kuku, kakikamata kwa mkono kukitupa nje. Mkono umeharibika vibaya."

Bisibisi ilinidondoka. Nikainama kuitafuta, na nikakaa kule chini ya meza muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kwani ilikuwaje?" niliuliza.

"Wanasema aliwasha bila maji. Uzee, baba. Kichwa kimeanza kuchoka."

Kesho yake nilipanda pikipiki kwenda Mbingu, nikiwa na sukari na machungwa. Barabara ilikuwa utelezi mtupu, na njiani ng'ombe wa Wasukuma walikuwa wanavuka, wengi, bila haraka. Nilizima pikipiki nikangoja. Nakumbuka niliwashukuru wale ng'ombe moyoni. Nilitamani wasiishe.

Mwalimu alikuwa amekaa barazani, mkono wa kulia umefungwa bandeji hadi karibu na kiwiko. Binti yake alikuwa amefika kutoka Dar, akaniletea kiti. Ukutani juu ya dirisha la jikoni kulikuwa na weusi wa moshi uliopanda mpaka kwenye bati.

"Pole sana, Mwalimu."

"Nimeshapoa, mwanangu. Na mimi nakuomba radhi."

"Kwa lipi?"

"Uliitengeneza mashine vizuri, tena bure, mimi nimekwenda kuiunguza. Nadhani niliiwasha bila maji." Aliutazama mkono wake. "Nakaa nafikiria, niliweka maji, sikuweka? Asubuhi zote zinafanana. Sikumbuki."

Binti yake alisema kwa sauti ya chini, lakini si chini kiasi cha mama yake kutosikia: "Na wiki iliyopita alisahau simu kanisani."

"Nilisahau simu kanisani," Mwalimu akakubali, kama mtoto anayekiri kosa mbele ya darasa.

Hapo ndipo ningesema. Kinywa kilikuwa wazi. Nilichosema ni kwamba mashine hizi wakati mwingine huwa na matatizo, nikaacha maneno yaning'inie hivyo. Kisha nikaomba nipewe ile mashine niiangalie. Binti akaitoa nyuma ya nyumba, ndani ya mfuko wa salfeti.

Niliifungua kibandani siku hiyohiyo. Plastiki ya chini ilikuwa imeyeyuka na kuganda upya kama nta. Nilipoifikia themostati nikaipima: ilikuwa imegandiana ndani. Haikati, hata uifanyeje. Bila shaka ndiyo iliyoiua fyuzi mara ya kwanza, na mimi nikausingizia ukoko. Safari hii ilipogandiana tena hapakuwa na fyuzi ya kufa. Kisoksi kilikuwa kimekuwa cheusi. Nilikivua. Waya wangu ulikuwa mzima, haukuwa hata umepinda.

Kisha nikafungua chujio. Masalia ya kahawa yalikuwa ndani yameshikana, magumu kama tofali dogo. Niliyavunja kwa bisibisi. Nilikaa nikiyatazama hadi nikaelewa ninachokitazama. Unga mkavu wa kahawa ungemwagika. Ule ulikuwa umelowa, ukachujwa, ndipo ukakauka kwa moto. Mwalimu aliweka maji. Kahawa ilichemka, ikashuka kwenye jagi, na kisahani kikaendelea kupata moto, na kuendelea, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kukizuia.

Nilijua yote hayo siku ile, na sikumwambia mtu kwa wiki mbili na nusu.

Ningependa kusema nilikuwa natafuta namna ya kusema. Si kweli. Nilikuwa natafuta namna ya kutosema. Nilifikiria kumnunulia mashine mpya. Nilifikiria kumwambia kosa ni la kiwanda. Nilijiambia kwamba hata bila mimi Mwalimu ni mtu mzima, kusahau kutakuja tu, na binti yake anafanya jema kumchukua. Maana sasa habari zilikuwa hizo. Kila aliyetoka Mbingu alikuwa nayo moja: mbuzi wameuzwa, shamba la mpunga limekodishwa kwa msimu, Mwalimu anahamia Dar kwa sababu hawezi tena kuachwa peke yake. Mke wangu aliniuliza mara mbili kwa nini siku hizi nikirudi nyumbani chakula nakigusagusa tu. Nikamwambia ni joto.

Alhamisi moja simu ililia. Alikuwa Mwalimu.

"Naondoka Jumamosi, mwanangu. Nilitaka nikuage. Huko sijui kama nitarudi, wanasema ni vizuri niwe karibu na watu." Kisha akaongeza: "Wewe ulikuwa wa mwisho kunifanyia kitu kwa moyo."

Nilisema mtandao haukamati vizuri, nikakata simu. Kisha nikafunga kibanda ikiwa bado asubuhi, nikaitia ile mashine kwenye mfuko, nikapanda pikipiki.

Niliwakuta barazani tena, mama na binti, katikati ya maboksi. Nilikataa kiti.

"Mwalimu, hukusahau maji," nilisema. "Mashine haikuungua kwa sababu yako. Imeungua kwa sababu yangu. Nilikudanganya kwamba nimeweka fyuzi nyingine. Niliweka waya."

Binti ndiye aliyeelewa kwanza. Alisimama. "Unasema nini? Unajua mama yangu angekufa humu ndani? Na ulikuja hapa! Ulikaa hapahapa, kwenye kiti nilichokuletea, ukaondoka!"

"Ndiyo, dada."

"Usiniite dada."

"Mwache," alisema Mwalimu. Sauti yake haikupanda. "Mwache amalize. Anza mwanzo. Nionyeshe."

Nikapiga magoti kwenye sakafu ya baraza, nikaitoa mashine, nikaanza mwanzo. Nilimwonyesha bomba, koili, themostati, pale ilipokuwa fyuzi, na waya. Aliomba aushike. Nikamwekea kwenye kiganja cha kushoto. Kisha nikamwonyesha vipande vya kahawa nilivyovihifadhi kwenye mfuko mdogo, nikamweleza kwa nini vimegandamana. Alichukua kimoja, akakinusa, ingawa hakikuwa na harufu nyingine zaidi ya moshi.

"Kwa hiyo maji niliweka."

"Uliweka, Mwalimu."

"Una hakika? Usiniambie hivyo kwa kunihurumia."

"Nina hakika."

Alifumba macho. Nilidhani anaomba. Alipofumbua, mashavu yalikuwa yamelowa.

"Tangu siku ile," alisema, "kila asubuhi nikiamka naanza kutaja majina ya wanafunzi. Darasa kwa darasa, mwaka kwa mwaka, kama ninaita mahudhurio. Nione kama bado yapo. Jumapili nilikosa jina moja. Moja tu. Nikawaambia sawa, nipelekeni Dar."

Binti yake aliketi tena, akashika uso kwa mikono yote miwili.

"Kwa nini hukusema siku ile ulipokuja na sukari?" Mwalimu aliniuliza.

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

Nilitaka kusema ndiyo, ingekuwa na heshima kidogo. "Hapana. Niliogopa watu watajua mimi ni fundi wa namna gani."

Alitikisa kichwa polepole, kwa kukubali. "Afadhali umesema hilo. Ungeniambia hukujua ni hatari, ningekufukuza." Akanirudishia waya. "Sasa nenda. Nimechoka. Nenda salama, barabara ni mbaya."

Jumamosi walisafiri vilevile. Mkono ulihitaji hospitali kubwa, na shamba lilikuwa limeshakodishwa, hakukuwa na cha kulima. Lakini alirudi. Baada ya mavuno nilisikia yupo Mbingu, anaishi peke yake kama zamani, amenunua mbuzi wawili, na jikoni wamepaka rangi. Vidole viwili vya mkono wa kulia havinyooki. Anaandika kwa kushoto sasa, na wanaouona mwandiko huo wanasema ni mzuri kuliko wao wa kulia. Kahawa anaichemshia kwenye sufuria. Nilimpelekea salamu kwamba nataka kumnunulia mashine nyingine. Akanijibu asante, hapana.

Mimi bado niko Kibaoni. Kifaa kisipopatikana nasema hakijapatikana, na wapo wateja wanaobeba vyombo vyao na kwenda kwingine, na huko wanafungiwa waya. Najua, kwa sababu baadaye vingine huletwa kwangu. Nikikuta waya nautoa na kumwonyesha mwenyewe. Wengi hukasirika, na wananikasirikia mimi.

Mwezi uliopita nilimwona Mwalimu mjini. Nilivuka barabara kwenda kumwamkia. "Marahaba, mwanangu," alisema, akauliza watoto, akauliza mke wangu, kwa sauti ileile ya siku zote. Mkononi alikuwa na pasi, waya wake ameuzungushia vizuri. Nilinyoosha mkono kuipokea kabla sijafikiri.

"Hii naipeleka kwa yule wa karibu na soko," alisema kwa upole, akaihamishia upande wa pili.

Nikamwambia sawa, Mwalimu. Nikasimama hadi alipopinda kona, kisha nikarudi kibandani. Kulikuwa na feni mezani nimeiacha wazi, na mwenyewe alikuwa ameshafika, ananisubiri.